Nilisema Ni Chungu

Somo yangu Mize,

Wenye elimu huanza barua kwa kuuliza hali. Mimi yako siwezi kuiuliza, na yangu ndiyo iliyonikalisha hapa na kalamu, maana Kasongo nzima hakuna mtu mwingine nitakayemwambia "ukakasi" akajua nasema nini. Herufi zangu bado zinapinda. Wewe ndiye uliyenifundisha, asubuhi alifu na be kwenye ubao, alasiri kuonja chai kwenye kijiko, na hukunificha kwamba kwenye kijiko nilikuwa mzito zaidi.

Arobaini yako haijatimia, na tayari nimefanya kosa ambalo nusura limpoteze mume wangu, Baba Zaina.

Nianze na chungu chako. Siku wanawake walipogawana vitu vyako, mmoja alichukua kaniki, mwingine mkeka, mwingine kinu. Mimi nikachukua kile chungu kidogo ulichochemshia maji ya chai. Hakuna aliyenikataza. Nilikitaka kwa sababu pale ukingoni palikuwa na alama ya kidole gumba chako, imeingia weusi kwa miaka. Nikakipeleka nyumbani, nikawa napikia uji wa mwanangu Zaina. Nilijua hukuwahi kukipikia kitu kingine. Nilijua, Somo. Hata paka akikinusa ulikuwa ukimfukuza. Lakini nilisema moyoni, mwenyewe hayupo, na chai yenyewe haipo, maana kasha la zamani lilikwisha siku za ugonjwa wako. Nani atauliza maji yalichemka wapi?

Basi makasha mapya yakaja. Matatu, kutoka Ujiji, yamevuka ziwa, yamelala Kabambare siku nyingi kungoja wapagazi. Aliyeyatoa Kabambare kuyaleta hapa ni mume wangu, maana nyampara wa safari ile alikuwa yeye. Alifika miguu imevimba lakini anacheka. Akamrusha Zaina juu, akasema, "Mutoto iko muzito hivi! Mama Zaina, unamulisha mawe?" Nilidhani mambo yetu yamenyooka.

Bwana Mbaraka, unamjua, hana subira na kitu kipya. Asubuhi ya pili akawaita wageni wa Nyangwe waliokuwa wamelala kwake waje waionje chai yake. Mama Sikujua ndiye sasa yuko jikoni kwako. Akachemsha maji, akatia majani, akapeleka. Wakaonja, wakatazamana. Chai ilikuwa nyeusi kama wino huu, na haina kitu ndani. Bwana akaamuru kasha la pili lifunguliwe. Vilevile. La tatu, vibaya zaidi. Mgeni mmoja mwenye sauti ya kukwaruza akasema, "Majani haya yameshanywewa. Mtu ameuza mazuri Kabambare, akawajazia makapi yaliyoanikwa juani."

Na makasha Kabambare yalikuwa mikononi mwa nani? Kabla ya adhuhuri Baba Zaina alikuwa na mnyororo shingoni. Watu wa Nyangwe walikuwa wanaondoka siku ile ile, na Bwana akasema Baba Zaina ataondoka nao. Wewe unajua wanaoondoka na mnyororo hurudi lini. Mimi mwenyewe nilitolewa kwetu Lusangi hivyo hivyo, nikiwa na meno ya utoto, na mama yangu sijamwona tena.

Nilipokuwa napiga magoti kwa Mama Sikujua aniombee, Bwana akaita kutoka barazani: "Mwanafunzi wa marehemu yuko wapi? Aje aonje."

Yule mgeni akacheka. "Mke amwonjee mume? Basi tutaambiwa ni asali."

Kutoka jikoni hadi barazani ni hatua chache, lakini nilikwenda nawe njia nzima. Nikakumbuka nilivyoona haya kuvuta chai kwa sauti mbele yako, nawe ukaniambia, "Vuta, mwanangu! Ulimi hauna ukwe." Nikakumbuka kila chai uliyonipa nilisema "iko kali", hadi ukatupa kijiko: "Kali ni mbwa! Kali ni jua! Chai ina nini?" Na siku ulipochoka nami ukasema, "Wewe wa Lusangi, ulimi wako umepakwa mawese," tukacheka wote wawili mpaka ukapaliwa. Halafu siku moja nikasema, kwa woga, chai hii inanishika meno kama ganda la ndizi mbichi. Uliniacha kwanza nimeze. Kisha ukasema taratibu, "Hapo sasa. Huo unaitwa ukakasi. Uchungu hukaa nyuma ya ulimi ukaondoka. Ukakasi hushika fizi. Ndio uhai wa jani. Likishanywewa, halina tena."

Nikakaa chini. Zaina alikuwa analia mgongoni, na maziwa yakanitoka yakalowesha nguo mbele za wanaume wale. Sikuwa na la kufanya. Nikachukua kijiko, nikavuta kwa sauti kama ulivyonifunza.

Hakuna ukakasi.

Somo, nitakuambia ambalo sijamwambia mtu. Nilimtazama mume wangu, nikamwona mwizi. Kwa pumzi moja tu, lakini nilimwona. Somo lako lenyewe ndilo lililokuwa linamfunga, maana jani lililokwisha kunywewa halina ukakasi, na hili halikuwa nao. Nikawaza niseme uongo, niseme ni nzuri. Lakini walikuwa wameshaionja wote.

Nikavuta kijiko cha pili, macho nimefumba. Safari hii sikutafuta ulichonifundisha. Nikaacha ulimi uende unakotaka. Kitu kilikuwa kinateleza kwenye meno, kama mtu amenawa mikono kwa majivu akakutia kidole mdomoni. Na nyuma yake chumvi, lakini si ya pwani. Chumvi ya kwetu. Munyu! Mama yangu alikuwa anachoma majani ya mtoni, anachuja majivu, anachemsha yale maji siku nzima, nasi watoto tunalamba mwiko. Ladha hii niliijua kabla sijajua jina langu. Munyu haukuwa ndani ya majani ya chai. Ulikuwa kwenye maji, na kwenye maji umetoka kwenye udongo wa chombo kilichopikiwa munyu, ukaua ukakasi wote.

Nikaruka, nikapiga kelele: "Ni chungu! Bwana, ni chungu!"

Mgeni akapiga paja. "Haya! Mmesikia? Mke mwenyewe!"

Sikuelewa kwa nini anafurahi. Nikazidi, "Ni chungu, Bwana, wallahi ni chungu!" Bwana akainua mkono, wakavuta mnyororo, Baba Zaina akaanguka goti moja. Akaniangalia. Hakukasirika. Aliniangalia kama mtu aliyeitwa na mtu wake akafika akakuta mlango umefungwa. Hapo ndipo nikasikia neno langu walivyolisikia wao. Mimi nasema chombo, wao wanasikia ladha. Kila nilivyolirudia nilikuwa namfunga zaidi.

Kiswahili chako kikanikimbia chote. Nikalia kwa maneno ya kwetu: "Nyungu! Nyungu ya moto! Ile iko na munyu!" Nikaonyesha jikoni kwa mikono yote miwili.

Bwana akashusha mkono. "Chungu kipi?"

Mama Sikujua akaitwa. Akasema hakujua, na safari hiyo jina lake lilisema kweli: kile cha marehemu hakukiona, akachukua kikubwa cha wale wanawake wanaotuletea munyu, akakiosha vizuri sana. Bwana akauliza, "Na cha marehemu kiko wapi?"

Ningeweza kunyamaza. Nikasema, "Nilikichukua mimi. Napikia uji wa mwanangu."

Sijui kama umewahi kumwona Bwana Mbaraka akikasirika bila kupaza sauti. Akaniambia nikilete. Nikakimbia, nikaumwaga uji wa Zaina uani, kuku wakaufurahia, nikakisugua chungu kwa mchanga na maji mara nyingi, naogopa nisije nikakivunja. Niliporudi, watu wa Nyangwe walikuwa wameshafunga mizigo yao. Maji yakachemshwa mbele ya wote. Majani ya kasha la kwanza yakatiwa. Bwana akasema, "Utaonja wewe kwanza. Utasema ina nini kabla yetu. Kisha tutaonja. Maneno yako na ndimi zetu zisipokutana, mumeo ataondoka."

Somo, mkono wangu ulitulia. Sijui kwa nini. Nikavuta, kwa sauti, wakanisikia hadi uani.

Nikasema: rangi ni ya shaba, si ya wino. Mbele ya ulimi kuna utamu mdogo, wa ganda la muwa ukiwa umeshatafunwa. Pembeni kuna ugwadu kidogo. Kisha unakuja ukakasi, unashika fizi, unakaa. Jani hili halijanywewa na mtu. Kilikuwapo kingine, na nilijua kingenitia aibu. Nikakisema. "Na mwishoni kabisa, Bwana, kuna ukoko wa mchele. Huo ni uji wa mwanangu. Chungu kimeushika."

Bwana akanywa. Akakaa na chai mdomoni. Akampa yule mgeni, naye akanywa, akafuta midomo, akatazama ndani ya kikombe kama aliyeangusha kitu.

"Ukoko," akasema. "Wallahi, kuna ukoko."

Bwana akaamuru mnyororo ufunguliwe. Lakini mimi nilikuwa bado nimekaa na kijiko changu. Nikasema, "Bado, Bwana. La pili, na la tatu." La pili lilikuwa zima. La tatu lilikuwa na harufu ya ukuta uliolowa, ya kitu kilicholala majini, nami nikasema hivyo hivyo: hili limeingia maji ziwani, limeota ukungu, halifai. Nilisema nikijua mnyororo bado uko pale chini. Bwana akasema ziwa si mali ya nyampara, akaamuru kasha lile limwagwe.

Nyumbani nilimpaka Baba Zaina mawese shingoni. Alivumilia, kisha akasema, "Mama Zaina, ulikuwa umeshanitoa kichwa nje ya munyororo. La tatu lilikudai nini?" Nikacheka, halafu nikalia, akanishika. Jeraha limeanza kukauka. Bwana hajanisamehe kwa chungu, ila amesema chai ya nyumba ile isinywewe na mtu kabla sijaisema mimi. Kwa hiyo nakaa kwenye kigoda chako sasa. Ni kirefu kwangu, miguu haifiki chini vizuri. Zaina anatambaa chini yake. Jana nilimwekea tone moja ulimini, akakunja uso wote, nami nikamwambia jina la ladha ile.

Lipo moja limebaki, na ndilo lililonifanya nishike kalamu. Siku yako ya mwisho nilikuletea kikombe cha mwisho cha kasha la zamani. Ulikuwa huonji tena kitu. Uliniambia, "Onja wewe, uniambie ina nini." Nikaonja nikasema, "Tamu, Somo." Basi. Tamu. Ukafumba macho, na niliona kwamba nimekupa maji matupu. Sikushindwa kuonja, Somo. Nilionja kila kitu. Niliogopa kwamba nikikisema chote, kitakuwa kimekwisha.

Nakuambia sasa. Ilikuwa imepoa. Ilikuwa na vumbi la chini ya kasha, na harufu ya mbao. Utamu ulikuwa umeondoka, umebaki ule wa muwa kwa mbali. Nyuma kulikuwa na uchungu mdogo, ukapita. Na ukakasi ulikuwapo, Somo yangu. Hadi tone la mwisho ulikuwapo. Ulinishika fizi nikakaa nao mpaka walipokuja kukuosha.

Lala salama. Nakuahidi, mtu akiniuliza tena ina nini, nitamwambia yote.

Ni mimi mwanafunzi wako,
Mama Zaina