Hewa ya Darasa la Kwanza

Masama

Mama mpendwa,

Shikamoo. Naamini barua hii itakukuta goti limetulia, na kwamba Ronald anakukatia majani ya ng'ombe bila kukumbushwa. Sisi huku ni wazima. Mvua imekolea, ukungu unashuka hadi kwenye migomba, nami bado nafundisha darasa la kwanza.

Wazazi wa hapa walikuwa wameziba madirisha ya darasa letu kwa mabati ili watoto wasipigwe baridi. Walifanya kwa upendo, lakini jiko la uji limeegemea ukuta wetu, na moshi ukishaingia ulikosa pa kutokea. Watoto walikohoa, wakasinzia, vichwa vikawauma. Sote tukasema ni mafua ya mlimani.

Mwezi uliopita Hilda, mjukuu wa Mzee Sirili, alibanwa kifua katikati ya somo, midomo ikabadilika rangi. Nilimbeba nikakimbia naye hadi uwanjani, kwenye ukungu, nikamkalisha wima. Mwalimu Priska alinifokea nimrudishe ndani, baridi itamuua. Sikumrudisha. Gari la maziwa lilitushusha hospitali, akapewa dawa ya kuvuta, akapumua. Daktari alisema ni pumu, kisha akauliza darasa letu linapata hewa kutoka wapi. Niliporudi shuleni niliomba wazazi waitwe kikaoni.

Kwenye kikao wazazi hawakutaka kusikia habari ya kung'oa mabati. Nilieleza hadi sauti ikakauka. Ndipo Mzee Sirili aliposimama, akasema mabati yale aliyagongomea yeye kwa kumpenda mjukuu wake, na kwa upendo huohuo atayang'oa. Hakungoja kikao kifungwe. Tulisikia nyundo, na akina baba wengine wakamfuata mmoja mmoja, hata waliokuwa wakibisha.

Sasa jiko limehamishiwa ng'ambo ya uwanja, madirisha yanafunguka, na watoto wanavaa sweta juu ya sweta. Hilda anasoma kwa sauti kubwa kuliko wote. Nawashukuru sana watu hawa.

Lakini shukrani kubwa ni yako, Mama, na jambo hili sikuweza kulisema kwenye simu. Siku ile nilimtoa Hilda nje kwa sababu nilikukumbuka ukitoka jikoni mbio umembeba mdogo wangu Basili. Hakupona, na tangu msibani mashangazi wamekuwa wakisema wewe ndiwe uliyempeleka kwenye baridi. Hukuwahi kujitetea. Nilimsimulia daktari yote. Akasema yaelekea Basili naye alikuwa na pumu, na kwamba kumtoa kwenye moshi lilikuwa jambo sahihi. Alichokosa ni dawa, hakukosa mama.

Kama ungemwacha ndani, nisingejua la kumfanyia Hilda.

Mzee Sirili anataka kukushukuru mwenyewe, na ameshachagua mkungu wa ndizi wa kukuletea. Tutateremka Shirimatunda Jumamosi, na Hilda tutakuja naye. Nipelekee salamu kwa Ronald na majirani wote. Mungu akutunze mpaka tuonane.

Ni mimi mwanao,
Elinipendo