Jumapili Niliyomwiba Mwanangu Mwenyewe

Mpendwa mshauri, hodi kwenye ukurasa wako, naomba msaada na naomba unisome mpaka mwisho kabla hujanilaani, maana jambo hili siwezi kumwambia mtu kazini wala nyumbani na tangu Jumapili iliyopita chakula hakipiti.

Mimi nafanya kazi kwenye bustani kubwa ya watoto iliyo ufukweni, yenye bembea, treni ndogo, banda la kobe na njia ya mbao inayopita juu ya mikoko, na kazi yangu ni kukaa kwenye kibanda cha getini na kipaza sauti, mtoto akipotea analetwa kwangu nami namtangaza, kaptula ya bluu, viatu kashika mkononi, anasema baba yake ana kitambi, wazazi tafadhali fikeni kibandani, na watu wanacheka, lakini mimi ndiye ninayemwona mama mtu anavyokuja mbio kiatu kimoja kimemvuka, anamzaba mtoto kofi la mgongo na hapo hapo anamkumbatia na kulia, na kila nikiona hivyo nanyong'onyea, kwa sababu nami nina mtoto na hajawahi kunikumbatia namna hiyo hata siku moja.

Mtoto wangu analelewa na dada yangu mkubwa. Baba yake alipotukimbia mtoto alikuwa hata hajaanza kutambaa, mimi nilikuwa nafanya usafi hotelini usiku kucha na sina pa kumwacha, dada na shemeji hawajajaliwa mtoto, tukakubaliana akae kwao kwa muda tu mpaka nisimame, na huo muda tu ndio huu, sasa yuko shule, ameng'oka meno ya mbele mpaka namwita Kibogoyo, dada anamwita mama, mimi ananiita mama mdogo, na hajui kitu. Dada hajamwambia na mimi sijathubutu kuomba aambiwe, kila mwaka tunasema akikua kidogo.

Sasa shemeji amepata uhamisho, wanahamia mji wa mbali sana na bahari shule zikifungwa mwisho wa mwezi huu, ndiyo dada akasema Jumapili watakuja bustanini Kibogoyo acheze mara ya mwisho. Mshauri, Jumapili ndiyo siku yangu ya kazi kubwa kuliko zote. Miaka yote hii nimepanga foleni za watoto wa watu kwenye bembea na sijawahi kumsukuma wangu.

Basi Jumapili hiyo nimekaa kibandani mara naona kichwa dirishani, ni yeye, peke yake, anahema, "Shikamoo mama mdogo, nimekuja kukuona." Nikamuuliza mama yuko wapi, akasema, "Yuko kwenye foleni ya aiskrimu, hajaniona nikiondoka." Kazi yangu inasema hapo hapo nitangaze. Mkono ulikwenda kwenye kile kitufe, naapa ulikwenda, halafu ukarudi. Nikavua koti la kazi nikalitundika, nikaizima redio ya mkononi ya kuitana na walinzi, nikafunga kibanda kwa ufunguo, nikamwambia twende.

Tulipanda treni akakaa mapajani mwangu, akaniuliza kama kobe wanaota meno upya kama yeye, nikamsukuma kwenye bembea mpaka akapiga kelele, tukaenda kwenye mikoko tukalala kifudifudi juu ya mbao kuangalia kaa wanavyoingia kwenye matundu yao, mkono wake umenata jasho ndani ya wangu na sikutaka kuuachia hata nipanguse uso. Bibi mmoja aliyekuja na wajukuu akaniambia, "Huyu kachukua macho yako kama yalivyo," nami nikamjibu kwa sauti, "Ndiyo, ni wangu, nimemzaa mimi." Mara ya kwanza kuyatamka maneno hayo mbele ya watu. Kibogoyo akacheka, alidhani natania.

Tulipofika mwisho wa ile njia, pale inapoinuka unaiona pwani yote, nikaona walinzi wamepanga mstari majini wanatembea polepole, maji kifuani, na mbele yao mwanamke na nguo zake zote anapiga makelele. Nilimjua kwa gauni. Nilijua wanatafuta nini. Na badala ya kupiga kelele kwamba yuko huku, mshauri, nikapiga magoti nikamwambia mtoto, "Tusimwambie mama kama tumezunguka, eti? Tuseme umekuja kwangu sasa hivi."

Tulipokaribia aliuchomoa mkono wake kwenye wangu akakimbia, "Mamaaa!" Dada akamdaka, wakaanguka wote kwenye mchanga. Halafu, na hili ndilo linaloniua, dada akaja kwangu ametota anatetemeka, akanishika mikono yote miwili akaibusu, akasema Mungu akubariki mdogo wangu, umenipatia mwanangu.

Nilisema amina.

Sasa nifanyeje? Nina chumba kizuri, kazi yangu ni ya mchana, ni damu yangu. Nimchukue kabla hawajaondoka, au ninyamaze waende naye na mimi nibaki kutangaza watoto wa wenzangu mpaka nizeeke? Natamani kuitwa mama mpaka kifua kinauma. Usinitaje.

Mimi wa kibandani

*

Mwanangu wa kibandani,

Sikutaji, lakini kukugombeza nitakugombeza, kaa vizuri.

Nimeisoma barua yako mara mbili. Ya kwanza nililia, ya pili nilikasirika. Hivi unajua ulichomfanyia dada yako? Wewe unayeona wazazi wakija wamechanganyikiwa kila Jumapili, wewe ambaye hii ndiyo kazi yako, ulimwacha mwanamke aingie majini na nguo zake kutafuta maiti ya mtoto. Bila shaka alikimbilia kibandani kwako kwanza, akakuta kufuli. Halafu ukapokea shukrani. Amina ya nini?

La pili ni baya zaidi. Umempa mtoto mwenye mapengo siri ya watu wazima aibebe. Unataka akuamini kama mama, na jambo la kwanza ulilomfundisha kama mama ni kumficha mwenzio. Ukweli wake mwenyewe mmekuwa mkimsogezea mbele kila mwaka wewe na dada yako, sasa na hili tena mmwongezee? Hapana.

Haya, nimemaliza makali. Njoo sasa tuzungumze.

Hamu yako si dhambi. Kumtamani mtoto uliyemzaa hakuhitaji kibali cha mtu, na wala hukumtupa, ulimweka kwenye mikono iliyokuwa na nafasi. Na kuna kitu umekiandika ukapita kama hukukiona: mtoto aliacha aiskrimu. Nani anaacha aiskrimu? Alitoka kwenye foleni kwa miguu yake mwenyewe akaja kukutafuta wewe. Humpotezi huyo. Anakupenda kwa jina analolijua, na hilo jina si tusi.

Lakini kumchukua mwezi huu, sahau. Huwezi kumng'oa mtoto kwa mama aliyemjua tangu hajatambaa, kwa sababu tu wewe sasa una chumba. Atakuchukia, na dada yako atakufa kwa uchungu. Na kunyamaza pia sahau, maana atakuja kuambiwa na jirani au shangazi mwenye mdomo, siku mbaya, na hapo mtampoteza nyote wawili.

Sasa nisikilize. Kabla ya mizigo kufungwa, yule mtoto aambiwe kazaliwa na nani, na mwambieni pamoja, wewe na dada yako mmekaa ubavu kwa ubavu, mchana, nyumbani, amekula ameshiba. Asiulizwe anamchagua nani. Atakachokuita baada ya hapo ni shauri lake, ukiitwa mama mdogo mpaka wajukuu waote ndevu, itika. Likizo aje kwako, na hilo mlipange kabla hawajaondoka, si kwa simu za "tutaona". Na siku atakayokuja, omba ruhusa kazini mapema kama watu wengine wanavyoomba. Ukinyimwa, ugua.

Ila hayo yote dada yako hatayasikia kama hujasafisha la Jumapili. Mpigie leo, ukimaliza kusoma hapa, usinywe hata maji. Mwambie hivi: "Dada, mtoto hakupotea. Nilikuwa naye mimi, nilizima redio, nilikuona majini." Usiongeze "lakini". Atalia, atakutukana, huenda akasema usikanyage kwake tena. Mwache amalize. Na katika yote atakayosema, simu usiikate wewe.