Daftari Lako la Mwezi Mwandamo

Mama,

Shikamoo. Najua hutoitikia, lakini mdomo umeshazoea.

Arubaini yako imepita. Bi Zuhura wa chini bado anapanda kuanika nguo juu ya paa letu, na bado anagombana na kunguru. Mimi nnakula, nnalala, usiwe na wasiwasi. Kinachonikosesha raha ni daftari lako. Jumatano natakiwa nikabidhi tasnifu, na mwalimu wangu anataka niifute jioni moja ya humo daftarini. Unaijua ipi.

Unakumbuka tulivyoanza? Nilikuomba kila mwezi ukikaribia kuandama, upande juu ya paa, jua likishakuchwa utazame magharibi, uandike: kweupe au mawingu, nimeuona au sikuuona. Ukaniuliza, "Na ndiko kusoma kwenyewe huko? Kutazama mwezi?" Nikakwambia nnatafuta namba moja tu: mwezi uwe mwembamba kiasi gani ndipo jicho la mtu lishindwe kuuona. Namba hiyo hakuna pa kuipima moja kwa moja. Inakisiwa kutokana na jioni nyingi, za kuona na za kukosa. Ulicheka mpaka ukakohoa. "Basi jicho unalo hapa," ukasema. Na kweli. Mshona kofia anayetunga uzi kwenye sindano bila miwani, kwa umri ule, ningempata wapi mwengine?

Ikaja ile ishirini na tisa ya Ramadhani. Paa limejaa majirani, kila mtu kakaza macho. Ukanyoosha kidole: "Ule pale!" Hakuna mwengine aliyeuona. Na mimi, mjuzi, nikatoa simu, nikatazama hesabu zangu, nikasema mbele ya watu wote: "Mama, haiwezekani. Hiyo njaa tu."

Watu wakacheka. Ulimi hauna mfupa, Mama, na wangu ulikuwa umesoma.

Redio ikatangaza mwezi haukuonekana. Kesho yake tukafunga, na magharibi ukakaa nasi jamvini ukafungua kwa tende. Mimi nshasahau.

Siku ya arubaini, tunaosha masinia, Bi Zuhura ndipo akaniambia. Mchana ule wa siku ya thelathini alikukuta jikoni, mlango umeurudishia, unakunywa maji na machozi yanakutoka. Aliyeuona mwezi wa Idi peke yake hula kwa siri. Ndivyo ulivyofunzwa, na ndivyo ulivyofanya. Ukamwambia, "Usimwambie mwanangu. Atanicheka tena."

Atanicheka tena! Lahaula. Sinia liliniponyoka.

Nikapanda juu, nikalifungua daftari upya. Nikaligawa: kabla ya jioni ile, na baada yake. Nikaikisia ile namba kwa kila upande peke yake, kitu ambacho kwa miaka yote hii sikufikiri kukifanya. Hazikaribiani hata kidogo. Kabla, ulikuwa ukiona miezi myembamba kama uzi wako. Baada, umeandika "nimeuona" pale tu mwezi ulipokuwa mnene, ambao hata mpita njia anauona. Iliyobaki yote, sikuuona, sikuuona, sikuuona, na mwandiko umekuwa mdogo.

Nilitaka kuyasingizia macho. Lakini macho hayachakai ndani ya mwezi mmoja, na mpaka wiki yako ya mwisho ulikuwa ukishona vitobo vya kofia ambavyo mimi sivioni. Ulikuwa unauona, Mama. Uliogopa kusema. Ulimuogopa mtoto uliyemzaa.

Mwalimu anasema jioni ile ni ya shahidi aliyekosea. Tuitoe, mengine yatakaa sawa. Kuna na njia ya kumpa kila mtazamaji kipimo cha uwezekano wa kukosea. Nimekufanyia, Mama. Nimekaa kitako nikampa kipimo cha kukosea mtu aliyenifunza kusema kweli. Hesabu ile haina mahali pa kutia kosa la mtoto.

Kama kweli uliuona, sijui. Wallahi sijui, na hilo ndilo linaloniumiza, kwa sababu hesabu bado inanambia ni vigumu mno. Lakini zile "sikuuona" za baadaye najua si za kweli. Mkono ni wako, aliyeziandika ni mimi.

Kwa hivyo Jumatano sikabidhi. Ntakwenda kumwambia mwalimu kwamba nusu ya daftari haifai kukisia chochote, kwa sababu mtafiti alimtahayarisha mtazamaji mbele za watu. Na nnataka iandikwe hivyo hivyo kwenye tasnifu, kwa jina langu. Mwaka mzima utapotea, pengine na nafasi yenyewe. Atafoka. Na afoke.

Naogopa, Mama. Nimeshaandika barua hii mara tatu.

Lala salama, mamaangu. Mola akupe nuru huko uliko, na akitujaalia kukutana, unipokee. Nakuahidi sitomwambia tena mtu hakuona alichosema amekiona kabla sijasimama pale aliposimama na kutazama. Na jioni yako siifuti. Ulisema umeuona. Nimeandika umeuona.

Mwanao,
Rukia