Herufi Tano za Kwanza

Jumatatu, 4/2/2002
Shefu Hyacinthe amerudi hapa Rumonge kutoka Bujumbura na amri. Ukurasa wetu wa watoto waliopotezana na wazazi — eti majina marefu yanaharibu jedwali, wafadhili wanataka kitu safi. Niandike substr($jina, 0, 5). Yaani anzia herufi ya kwanza, chukua tano, zingine tupa. Nikamwambia Ndayizeye, Ndayisenga, Ndayikeza, wote watakuwa Ndayi tu. Akasema: Benita, wewe ni wa kompyuta, si karani wa komini wa kuandikisha majina. Nimeyakata majina. Kinyaa.

Ijumaa, 8/2
Ukurasa umechapishwa, karatasi zimebandikwa mpaka Nyanza-Lac. Shefu anasema sasa inapendeza. Inapendeza! Sikula mchana.

Jumanne, 12/2
Mama mumoja, Léocadie, ametoka Nyanza-Lac kwa miguu. Magari ya upande huo hayapiti tangu shambulio la barabarani. Kwenye karatasi alisoma: Ndayi, musichana, miaka sita, yuko Rumonge. Wake ni Ndayikeza, walipotezana siku ya risasi kijijini kwao.
Nikafungua mashine. Huyu wetu ni Ndayisenga.
Nilitaka nimwambie polepole. Shefu akanipita, akamleta mutoto mwenyewe, aparei ya picha mkononi. Picha ya wafadhili! Mama akatazama muda mrefu. Akasema, sauti chini: "Si huyu."
Mutoto alikuwa ameshamushika kitenge.
Shefu naye: "Mama, tazama vizuri. Watoto wanabadilika."
 

Jumatano, 13/2
Nimefuta ule mstari wa substr asubuhi. Majina yamerudi mazima. Shefu ameona. Anasema niurudishe kabla wageni, wale wafadhili, hawajafika, ama niondoke, iko vijana wengi Bujumbura wanajua hii kazi. Anaongea huku anapiga pasi shati lake juu ya meza yetu. Simuangalii, naogopa uso wangu utasema.
Mama Léocadie alilala kwa masista. Nilidhani amekuja kuaga. Kumbe amekaa kwenye benchi na Ndayisenga, anamusuka nywele. Mutoto ametulia tu.
Akaniuliza bila kuinua macho: "Wangu akitokea, mutaandika jina lake lote?"
Nikasema ndiyo.
Gari la wageni linapiga honi kwenye geti. Naandika haya chini ya meza. Shefu amevaa shati, anaita: "Benita, iko tayari?"
Mstari sijaurudisha. Mikono yangu iko kwenye magoti, na daftari hili, si kwenye mashine —