Kumwandaa Kaneza kwa Safari ya Kibondo

Kagerankanda,
Kasulu, Kigoma.
4 Agosti 2025

Mpendwa Shangazi Winifrida,

Basi, pale simu ilipokatika nilikuwa nakueleza kwamba aliyeumwa tumbo si Bazilio, ni farasi! Najua umebaki na hofu. Mume wangu ni mzima, anang'aa, na mimi ni mzima. Amahoro, amani tupu, Shangazi. Habari za Ulyankulu? Goti lako limepoa? Mtama mmeshapura? Keti vizuri, nina mengi.

Miezi miwili ya ndoa, na bado nikisikia kwato nje ya uzio najikuta narekebisha kitambaa kichwani. Bazilio akishuka ananuka jasho la mnyama na vumbi jekundu, nami naona hakuna manukato dukani yanayomfikia. Nicheke tu!

Unajua kazi yake ni kumtunza Kaneza, farasi jike ambaye Mzee Kipriani alimnunua Arusha. Tarehe kumi na sita kuna safari ya farasi kutoka Kasulu hadi Kibondo, siku mbili, na wapanda farasi wengine wanatoka huko huko Arusha. Kukimbia tu hakutoshi. Njiani kuna vituo, na kila kituo daktari anapima mapigo ya moyo ya farasi. Yasiposhuka kwa muda uliowekwa, au mnyama akichechemea, anatolewa.

Mzee Kipriani alishatamka kwamba Kaneza asipoiweza safari hii atarudishwa Arusha akauzwe, na Bazilio akitaka kazi amfuate huko. Mimi nibaki na shamba. Shangazi, ndoa ya miezi miwili!

Sasa sikia nilichofanya. Siku ulipokuwa unanifunda uliniambia mke mwema huonekana kwenye mwili wa mume na wa mifugo. Nikalishika hilo neno kwa mikono miwili. Bazilio nikamjaza ugali wa muhogo na maharage ya mawese mpaka akaongezeka kilo tano. Kaneza naye nikampa machicha ya pombe ya mtama, nusu ndoo, kama mama alivyowapa ng'ombe wetu. Nikamwimbia na wimbo.

Saa sita mchana alikuwa anajigaragaza chini, jasho linamtoka, kila mara anageuka kutazama ubavu wake. Mzee Kipriani akaja mbio na daktari wa mifugo.

“Bazilio, umempa nini huyu?”

Mume wangu alinitazama, akainamisha kichwa mbele ya mzee. Alikuwa tayari kulibeba kosa langu yeye! Nikasema, “Ni mimi, mzee. Nimempa machicha.”

“Machicha! Huyu ni ng'ombe wa baba yako?”

“Nilidhani tumbo ni tumbo, mzee.”

Daktari alicheka, mzee hakucheka. Nikaelezwa kwamba ng'ombe anaumudu ule uchachu, lakini farasi hauwezi, na hata kutapika hajui. Daktari akamchoma Kaneza sindano, sisi tukamtembeza kwa zamu hadi jua likaanza kushuka. Alipotoa kinyesi, Bazilio alinikumbatia mbele ya watu wote. Sijawahi kufurahia kinyesi hivyo.

Kumsubiri apone kulichukua wiki nzima. Baada ya hapo tulianza upya, polepole. Majani makavu, maji mengi, chumvi kidogo, hakuna cha ndoo. Kilomita kumi, kisha ishirini, kisha thelathini. Kwenye miteremko Bazilio anashuka na kukimbia kando yake ili mgongo wake upumzike. Tandiko lilikuwa linamchubua, nikakata lile blanketi ulilonizawadia harusini, nikamshonea kipande cha kuweka chini ya tandiko. Usinikasirikie! Na chakula cha mume wangu nimekipunguza.

“Mke wangu, unaniadhibu?” ananiuliza kila jioni.

“Nampunguzia Kaneza mzigo, mpenzi.”

Kilo nne zimeshaondoka. Mashavu yake nayakumbuka kidogo.

Juzi Jumamosi ndiyo ilikuwa siku ya kupimwa, kilomita hamsini, daktari akiwepo. Waliporudi, daktari alinipa kifaa chake cha kusikilizia, maana alishanifundisha kuhesabu. Nikakiweka nyuma ya kiwiko cha kushoto cha Kaneza. Sabini na mbili! Mapigo yanatakiwa yasizidi sitini na nne ndani ya dakika ishirini. Tukammwagia maji shingoni na miguuni. Dakika ya kumi, sitini na sita. Dakika ya kumi na tano, hamsini na sita. Daktari akahesabu mwenyewe, akapata vilevile. Kaneza akakimbizwa kwenye mawe, hakuchechemea hata hatua moja.

Mzee Kipriani alimpapasa miguu yote minne, akainuka.

“Haendi kuuzwa. Hata wakimtoa njiani, huyu ni wa hapa.” Kisha akanigeukia. “Na wewe utakuwa vituoni na ndoo. Ya maji!”

Nililia, Shangazi. Bazilio anasema ni vumbi lililomwingia machoni, lakini yeye pia alilia.

Msalimie Mzee Venanti, Josué na Providence na watoto wote. Mungu awafunike kwa mkono wake, na wewe akupe nguvu za miguu.

Mzee ametupa wiki nzima ya mapumziko baada ya safari, kwa hiyo kabla mwezi huu haujaisha tutakuwa mlangoni kwako, wote wawili. Tutandikie kitanda kimoja tu, tafadhali. Nilikaribia sana kulala peke yangu.

Mwanao akupendaye kuliko anavyoweza kuandika,
Benita