Mguu wa Korongo

Jumatatu, 6 Oktoba 2025

Mzee Chua amefika kutoka Malaysia. Ujanani alijifunza pamoja na marehemu mwalimu wetu, Mzee Fong. Jumamosi ataandika jina la mrithi kwenye karatasi ya ukoo, pale ukumbini Doornfontein, hapa Joburg. Juu kabisa yupo yule mwanamke aliyebuni Korongo Mweupe, mtindo wetu wa kung fu, kwa kumtazama ndege. Chini kabisa yupo Fong. Chini yake pako wazi. Miaka kumi na tisa naitazama nafasi hiyo. Ni yangu.

Nimekumbuka siku ya kwanza. Mzee Fong alisema, "Niite Sifu." Nikadhani anataka asifiwe! Nikavisifu viatu vyake. Kumbe kwa lugha yao maana yake ni mwalimu.

Jumatano, 8 Oktoba

Nimemwonyesha Mzee Chua mtindo wote. Akauliza mbona naburuta mguu wa kushoto. Nikajibu ndio mguu wa korongo, tulifundishwa hivyo. Alicheka mpaka akatoa leso. Eti Fong alianguka kwenye ngazi dukani kwa baba yake, goti halikupona. Kuburuta hakumo kabisa kwenye mtindo.

Miaka kumi na tisa nimeiga goti bovu la mtu! Na wanafunzi wangu je? Nimewachechemesha wote, Joburg nzima.

Sifu, kwa nini hukusema? Nimekukasirikia, na wewe umeshakufa.

Ijumaa, 10 Oktoba

Roy, Mkenya wa benki, nilimfundisha mimi. Karekebisha hatua kwa siku mbili — kwa kutazama video tu. Mzee Chua kampigia makofi. Kwa desturi yetu aliyetangulia kuingia ndiye kaka, hata kama ni mdogo kwa umri. Miaka sita Roy ananiita Kaka. Leo kaniita kwa jina tu, Octave.

Nimefanya mazoezi kwenye korido ya flati. Mguu hautaki. Jirani kauliza nimeumia wapi.

Jumamosi, 11 Oktoba

Niko kwenye ngazi nje ya ukumbi. Roy ameshamaliza, safi. Nasikia wenzake wakimsifu, "Eish, sharp!" Kalamu iko mezani.

Asubuhi niliweza. Mara tatu niliunyanyua mguu vizuri, na mara zote tatu nikaona uchungu, kama namfukuza Sifu chumbani. Bado nina hasira naye. Lakini nikiacha kuburuta, nani mwingine atatembea kama yeye?

Roy kafungua mlango. "Octave, zamu yako."

Nimemwambia aniite vizuri kwanza. Bado amesimama pale. Anatazama mguu wangu, si uso, kama anangoja kuona nitauburuta au nitaunyanyua —