Jina Nililolifuta Kwenye Programu ya Maji

Shuleni, Dodoma

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Na ya Mama mpokelee, maana najua saa hizi yuko shambani. Mguu wako umepona? Lambo bado lina maji? Mimi mwili ni mzima. Barua hii nampa baba mdogo akimaliza kuuza zabibu zake mjini. Kaka Yohana akikusomea, asiruke mstari, hata pale ambapo mimi mwenyewe ningependa aruke.

Baba, nimejiaibisha.

Hapa maji ya bomba huja na kukatika, nasi hupanga foleni ya ndoo bila kujua kama yapo. Mimi na rafiki yangu Salma wa Makole tukaandika programu. Mpishi anabonyeza kitufe kwenye kompyuta ya stoo, na kioo cha kompyuta ya maktaba kinatangaza kama maji yapo au kuna hitilafu. Kompyuta hizo zina mifumo tofauti, lakini programu ni ileile. Mkuu wa shule alisema ikifanya kazi siku ya wazazi, itatumika shule nzima.

Ndani yake kuna namba zisizobadilika: sifuri ni "maji yapo", saba ni "hitilafu". Kila namba tunaipa jina, na Mwalimu Kessy wa klabu ya kompyuta anataka kila jina litanguliwe na jina la ukoo wa mwandishi, lisije likagongana na majina ambayo kompyuta imekuja nayo. Saba yangu niliiita NDAHANI_ERROR, yaani hitilafu ya Ndahani. Wavulana wanaokaa nyuma, wanaojua kwetu ni wafugaji, wakaona.

"Ndahani! Hiyo programu au zizi?"

"Muulize kama inatoa maziwa!"

Salma akaninong'oneza, "Waache, Janeth. Wewe andika." Lakini niliona aibu. Nilifuta jina lako kila mahali, ikabaki ERROR tupu. Niliijaribu kwenye kompyuta ya maktaba, ikakubali. Kompyuta ya stoo ilitoa onyo, nikalipuuza.

Siku ya wazazi ikafika, kompyuta zote mbili zikaletwa ukumbini. Wewe sikukwambia. Niliogopa ungekuja na mgolole wako na fimbo, wale wakapata cha kusema. Mabomba yalikuwa makavu tangu asubuhi. Mkuu mwenyewe akabonyeza "hitilafu", na kioo kikaandika MAJI YAPO.

"Basi tuleteeni tunywe!" akasema mama mmoja, na ukumbi mzima ukacheka. Salma, mbele ya baba yake, aliinamisha kichwa. Hakuwa amefuta chochote yeye.

Baadaye Mwalimu alitufungulia faili. Kompyuta ya stoo tayari ilikuwa na ERROR yake, nayo ni sifuri. Ilifuata ya kwake, ikaiacha yangu, ikatuma sifuri badala ya saba. Hakunigombeza. Aliuliza tu, "Jina la ukoo lilikwenda wapi?"

Nilikumbuka ndama wetu. Kabla hawajachanganyika na wa majirani lamboni, unawakata alama sikioni, nami nakushikia kamba. Mwekundu ni mwekundu, ulikuwa ukisema, lamboni kila mtu ana mwekundu. Nimekua nikiona hayo, halafu nikapeleka wangu bila alama, eti nisichekwe.

Jina nimelirudisha, Baba, lote, na tumejaribu kwenye kompyuta zote mbili. Salma alininunia, kisha jana akanisogezea kiti. Mkuu amekubali tuonyeshe tena kwenye kikao cha wazazi baada ya mitihani. Baba mdogo atakwambia siku.

Naomba uje. Njoo na mgolole na fimbo yako. Nitasimama getini, na wale wavulana wakiuliza huyu ni nani, nitawajibu kabla hujafika karibu.

Msalimie Bibi mpika togwa, shangazi anayeimba kwaya, na mdogo wangu wa mwisho anayechunga mbuzi. Mwambie kalamu aliyonipa bado inaandika, ndiyo hii.

Ni mimi mwanao,
Janeth Ndahani